Maganda ya Mbegu na Ngitili ya Mzee Nkwabi

Siku yangu ya kwanza kazini niliunguza nyusi zote mbili. Nilikuwa nimepewa ovaroli iliyonizidi kimo, nikaambiwa nenda chumba cha boila ukamtafute Mzee Nkwabi, na mimi kwa kiherehere cha ujana nikaona nishike kazi kabla ya kuulizwa jina. Nikaukamata mlango wa tanuri, nikauvuta kwa nguvu. Moto ukatoka nje, ukanilamba uso, ukarudi ndani. Nilipofumbua macho nilimwona mtu mfupi, masizi yamemtapakaa kuanzia utosini hadi vidoleni, ameegemea koleo anacheka.

"Boila haifunguliwi kama mlango wa chumbani kwa mkeo," akasema. "Unasimama pembeni, unaupa upenyo kidogo, moto unapumua, ndipo unafungua. Una mke?"

"Sina, bhabha," nikamjibu, kama Msukuma anavyomwita baba.

"Basi subiri nyusi ziote kwanza."

Kiwanda chetu kilikuwa cha kukamua mafuta ya mbegu za pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, na wakati huo tulikuwa bado chini ya mkoa wa Shinyanga. Nyinyi vijana mnaopita pale na pikipiki mkaona paa na bomba la moshi tu, niwaeleze kidogo. Pamba ikishachambuliwa kwenye jineri ya kampuni yetu hapo jirani, nyuzi hufungwa marobota zikaenda zake, mbegu zikaletwa kwetu. Mbegu hubanguliwa, ganda likatengwa na kiini. Kiini hupikwa kwa mvuke ndani ya masufuria makubwa ya chuma yenye kuta mbili, kisha hupelekwa kwenye mashine za kukamua. Mafuta hutokea huku, mashudu huku. Na huo mvuke unatoka kwa boila, yaani pipa kubwa la chuma lililolala, ndani maji, chini moto. Boila ikizimika, kiwanda kizima kimelala.

Mzee Nkwabi alinifundisha kutazama kioo cha maji kabla ya kutazama moto, kwa sababu moto ukizidi utaungua wewe peke yako, lakini maji yakiisha ndani ya boila mtaondoka wote. Alinifundisha kusikiliza vali ya usalama, ile inayofyatuka yenyewe mvuke ukizidi, na kuijua sauti yake kabla haijapiga kelele. Zaidi ya yote alinifundisha moshi. Alikuwa akinitoa nje, ananisimamisha uwanjani na kuniuliza, "Wanachoma nini mle ndani?" Nikikosea ananirudisha kwenye koleo. Magogo makavu yana moshi wa buluu hafifu unaopanda moja kwa moja. Magogo mabichi moshi wake ni mweupe, mzito, unatambaa juu ya mabati. Maganda ya mbegu yana moshi wa rangi ya mchanga na yananuka kama nguo iliyounguzwa na pasi. Mpaka leo nikipita mahali penye bomba la moshi nashika shingo ya mke wangu namgeuza atazame, na yeye ananiambia, "Baba Kabula, umestaafu."

Siku hizo tulichoma magogo. Yalikuja kwa malori, migunga na mikwaju iliyokatwa huko porini, yakapangwa uwanjani marefu kama ukuta wa shule. Maganda hatukuyachoma ila pale magogo yalipochelewa. Maganda yalikuwa na kazi yake. Kiangazi kikikaza huku kwetu, nyasi zikawa vumbi, ng'ombe anaishi kwa mashudu na maganda. Kila mfanyakazi alikuwa na haki ya kushindilia gunia moja la maganda siku ya Jumamosi na kuondoka nalo. Hakuna aliyeiandika haki hiyo mahali popote, lakini ungethubutu kuigusa ungejua imeandikwa wapi. Na wafugaji wa jirani walipanga foleni getini na mikokoteni yao, wakapata maganda kwa bei ya kutupa. Gunia la Jumamosi ndilo lililowafanya wanaume wengi wavumilie joto lile. Mshahara ulikuwa wa watoto, gunia lilikuwa la ng'ombe, na kila mtu alijua kipi kinamuuma zaidi.

Meneja wetu wa kwanza alikuwa mtu mrefu wa kofia ya pama, asiyependa maneno. Kila msimu wa ununuzi alinihamisha boila na kunipeleka vituo vya kununulia pamba. Nimewahi kulala Lingeka juu ya pamba, nikilinda mizani na maturubai, asubuhi naamshwa na kengele za ng'ombe wanaokwenda kunywa maji. Pale nilijifunza kutenganisha pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa na takataka, na kutukanwa na wakulima kwa Kisukuma kizuri chenye heshima. Msimu mwingine alinipeleka Kiloleli, karibu na ziwa.

"Kiloleli kuna nini, bosi?" nilimuuliza.

"Kuna kazi," akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Kiloleli palikuwa na pamba kidogo na mpunga mwingi. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa kulikuwa na kilima cha pumba ngumu za mpunga, yale maganda makavu ambayo hata mbuzi akiyanusa hugeuza shingo. Wenye mashine waliyawasha moto ili yapungue, nayo yakafuka wiki nzima bila kuzimika, macho yetu yakawa mekundu kama ya walevi. Nilikichukia kile kituo kwa sababu ya moshi ule. Sikujua kama nitakuja kuushukuru.

Niliporudi Bariadi kwa kudumu, Mzee Nkwabi alikuwa anastaafu. Mafao yake yote aliyageuza ng'ombe. Alikuwa na boma ng'ambo ya mto, na karibu na boma hilo ngitili aliyoachiwa na baba yake. Kwa asiye wa huku, ngitili ni eneo la malisho ambalo familia inalifunga mvua zinapoanza. Hakuna mnyama anayeingia. Nyasi zinakua, miti inakua, watu wanapita pembeni wakimeza mate. Kiangazi kikifika ukingoni, mwenyewe ndiye anayetoa neno la kufungua, na hapo ng'ombe wanaingia kwa zamu. Ngitili ya Nkwabi ilikuwa na migunga mikubwa ambayo ndege wa kila rangi walilala humo. Mtu akipita na mgeni anasema, "Ile ni ya Nkwabi," kama vile anaonyesha kanisa. Lakini kwa ng'ombe wengi aliokuwa nao, nyasi za mle zilimtosha miezi michache tu. Iliyobaki aliipitisha kwa maganda ya getini kwetu. Kila juma alikuja na mkokoteni wake, akiingia kwanza chumba cha boila kunikagua, nami namwamkia kwa Kisukuma.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila. Kioo chako kichafu. Kifute."

Ndivyo mambo yalivyokuwa mpaka alipokuja Mama Meneja.

Alikuja kijana kuliko wengi wetu, viatu vya chini, kalamu sikioni, na siku ya kwanza alizunguka kiwanda chote akiandika. Siku ya pili aliomba apandishwe kwenye lori la magogo, akaenda nalo hadi yanakokatwa. Alirudi jioni nguo zimejaa vumbi, akatuita wote uwanjani.

"Nimekwenda mwendo wa saa nyingi kufuata mti," akasema. "Dereva ananiambia zamani alikuwa anapakia hapa hapa karibu na anarudi kabla ya chai. Jamani, tunakamua mafuta na tunaacha jangwa. Tutakuwa na mpango wa uendelevu, na hautakuwa wa kubandikwa ofisini. Utafanya kazi."

Sisi tukauita Mpango tu. Ulikuwa na mambo mengi. Mabati yote yawekwe mifereji, maji ya mvua yaingie matangi, tusinyonye kisima peke yake. Vumbi la pamba lifungiwe, na wanaolifagia wavae barakoa. Taa ziwe zile zinazotumia umeme kidogo. Miche ipandwe kuzunguka ukuta. Lakini moyo wa Mpango ulikuwa boila: kuanzia msimu ule, hakuna gogo. Tutachoma maganda yetu wenyewe.

Kisha Maduhu, msaidizi wangu wa boila, mtu mwenye mabega kama ng'ombe wa plau, akanyoosha mkono.

"Mama, shikamoo. Hayo maganda yakichomwa, gunia la Jumamosi inakuwaje?"

"Gunia la Jumamosi tutalisimamisha kwa sasa. Kiwanda kitapanda majani ya malisho kwenye eneo la nyuma. Yakiwa tayari, mtapata."

"Na ng'ombe hao watayasubiri?"

Watu wakacheka. Mama Meneja hakucheka, wala hakukasirika. Akasema anajua ni mzigo, lakini miti ikiisha hata mvua ya hayo majani haitakuwepo. Mimi nilimfuata ofisini baadaye nikamwambia hayo hayo ya Maduhu kwa sauti ya chini. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Shija, wewe ndiye mkuu wa boila. Nataka wewe usimamie kipengele hiki. Nikimpa mtu mwingine watamzunguka." Nilikubali. Sioni haya kusema nilikubali kwa furaha, kwa sababu nilikuwa nimeyaona yale malori, na mimi pia nilikumbuka migunga iliyokuwa karibu.

Msimu ulipoanza tukafunga uwanja wa magogo. Maganda yakawaka vizuri kuliko tulivyodhani, ila yanakula mkono. Gogo unalitupa ukapumzika, maganda yanataka koleo saa zote. Mvuke ulisimama, masufuria yakachemka, Mama Meneja akaja akashika kiuno kutazama geji ya mvuke, akatoka ameridhika. Getini mlinzi akawa na kazi ya kuwarudisha wenye mikokoteni.

Mzee Nkwabi alikuja siku ya kawaida yake. Alisimama kwenye mlango wa boila akatazama maganda yanavyoingia motoni. Hakukagua kioo.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila mhola." Akachota maganda kiganjani. "Shija, hicho unachokichoma unakijua?"

"Nakijua."

"Kiangazi hiki kitakuwa kikali. Wazee wanasema."

"Nimemwambia Mama Meneja. Majani yatapandwa."

"Yatapandwa," akasema. Akageuza mkokoteni mtupu, na magurudumu yake yasiyo na mafuta niliyasikia mpaka barabarani. Nilijisikia vibaya sana siku ile. Mtu aliyenipa kazi mikononi, nami namrudisha mtupu.

Kiangazi kikaja kikali kama alivyosema. Majani ya Mama Meneja yalichipua, yakatazama jua, yakajikunja. Lakini ajabu ni kwamba ng'ombe wa Nkwabi nilipowaona mbali hawakuwa wamekonda kama wengine. Nikafurahi, nikasema mzee ana akili zake.

Kisha ikaja Jumapili moja. Natoka kanisani, kiatu kimoja kinanibana, mke wangu ananisimulia habari za kwaya, nikainua macho kuelekea kiwandani. Moshi ulikuwa mweupe, mzito, unatambaa juu ya mabati. Nikasimama katikati ya barabara. Magogo mabichi. Nikamwachia mke wangu Biblia na kitenge cha mtoto, nikaenda na suti yangu.

Maduhu alikuwa anasukuma gogo la mgunga tanurini kwa koleo, utomvu unatoka mwishoni unachemka. Aliponiona hakukimbia wala hakudanganya. Aliliweka koleo chini, akajipangusa.

"Mwangaluka, mkuu."

"Maduhu, maganda yako wapi?"

"Yameondoka."

"Yameondoka yameenda wapi?"

Akatazama chini. "Mkuu, mimi nimezaliwa kwenye boma. Baba yangu alinichapa siku niliyomwaga pumba za ndama. Leo niambiwe nichukue chakula cha ng'ombe nikitie motoni, na ng'ombe wenyewe wanalia pale ng'ambo nawasikia? Mkono unakataa. Kwa juma zima nilichoma, na kila koleo naona kama natia dhambi. Basi yule mzee akaja na shauri. Alete magogo kwenye zamu zangu za usiku na za Jumapili, wewe haupo, achukue maganda. Moto unawaka, ng'ombe wanakula. Tukaona hatumwibii mtu."

"Mzee gani?"

Akanyoosha mdomo kuelekea ng'ambo ya mto.

Nilivuka mto na viatu vyangu vya kanisani, mchanga mkavu ukiingia ndani. Nilianza kuona mwanga mahali ambapo sikuzoea kuona mwanga. Upande mzima wa mashariki wa ngitili ya Nkwabi ulikuwa visiki. Vyeupe, vibichi, vingine bado vinatoa maji. Matawi yamelundikwa vizuri, kwa sababu hata katika kuharibu alikuwa mtu wa mpangilio. Ndege walikuwa wamejazana kwenye miti iliyobaki wanapiga kelele. Nilikaa juu ya kisiki kimoja, na nasema wazi, nililia.

Tulikuwa tumeandika mpango wa kuokoa miti ya watu wa mbali, na tukawa tumekata mizuri kuliko yote, ya jirani.

Nkwabi alinikuta pale. Alikuwa na shoka begani.

"Bhabha, umefanya nini?"

"Nimelisha ng'ombe."

"Hii ni ngitili ya baba yako."

"Na mimi ni mwanawe, nakata changu." Akashusha shoka. "Nisikilize. Mti ukikatwa unaota tena. Ng'ombe akifa haoti. Ungekuwa mimi ungefanyaje? Niwapeleke mnadani mifupa mitupu, mchinjaji anipe bei ya ngozi? Miaka yote ile ya moto nimebaki na hawa tu."

"Acha kukata. Nitamleta Mama Meneja aone."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Mtu mzima wa huku anaweza kukuonyesha njaa yake, lakini hawezi kukuonyesha ngitili yake ikiwa uchi. "Umlete mgeni asimame hapa atazame visiki vyangu? Ukimleta, Shija, salamu yangu usiitafute tena."

Sikulala vizuri. Ningenyamaza, angemaliza miti yote, na baada ya miti asingekuwa na kitu cha kubadilisha na maganda, ng'ombe wangekufa vilevile. Ningesema, ningempoteza yeye. Kesho yake nilikwenda ofisini.

Mama Meneja alitembea katika vile visiki taratibu, akishika kimoja kimoja kwa kiganja. Mke wa Nkwabi, Mayu Milembe, alimletea kigoda na kibuyu cha maziwa, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa amekuletea balaa. Nkwabi mwenyewe alikaa mbali, ametupa mgongo.

"Mayu," Mama Meneja akamwambia yule mama, "hii miti nimeikata mimi. Sikushika shoka, lakini nimeikata mimi."

"Kunywa maziwa," Mayu Milembe akasema. "Hayo ndiyo maganda yenu hayo."

Akanywa yote. Tukarudi pamoja hadi getini. Kisha akasema maganda yarudishwe kwa wafugaji kuanzia siku ile, na gunia la Jumamosi lirudi. Nikauliza, na Maduhu? Akasema, "Nikimfukuza, nani atasukuma koleo? Mpe onyo, na mwambie asinifiche tena." Nikauliza swali lililokuwa kooni kwangu tangu asubuhi: "Na boila tutailisha nini?"

"Sijui," akasema. "Lakini gogo halirudi."

Boila ikazimwa. Hamjui kiwanda kikizimwa katikati ya msimu kinavyokuwa. Mbegu zimejaa ghala mpaka mlangoni, wafanyakazi wamekaa vivulini wanachora chini kwa vijiti, na kila mtu anakutazama wewe uliyepeleka habari. Wengine walisema wazi kwamba Shija ametuuza. Mimi nilikaa ndani ya chumba cha boila baridi, na ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kimya tangu nyusi zangu ziungue. Hapo ndipo nikakumbuka Kiloleli, na yale macho mekundu.

Nilimwambia Injinia wetu, mtu mwembamba aliyekuwa anapenda kubishana hata na redio. "Pumba ngumu za mpunga," nikasema. "Ng'ombe hali, mbuzi hali, wanazichoma bure zipungue. Kiloleli zimejaa, Nassa zimejaa."

"Zitaziba moto," akasema.

"Labda."

"Zitaziba. Lete lori moja tuone."

Zikaziba kweli. Nilimimina karai la kwanza kama ninavyomimina maganda, moto ukafunikwa ukawa mweusi, halafu ukafyatuka, mlango ukagonga ukuta. Nilikuwa nimesimama pembeni, shukrani kwa mwalimu wangu. Injinia alicheka mpaka akakaa chini. Kisha, kwa vile kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akaenda kung'oa feni kuukuu ya jineri, ile ya kuvuta vumbi, akaigeuza ipulize badala ya kuvuta. Tukaweka bomba, pumba zikawa zinaingia kidogo kidogo kwa upepo, zinawakia hewani kabla hazijatua. Ilibaki shida ya majivu. Pumba za mpunga zikizidi joto majivu yake huganda kama kioo juu ya chanja za tanuri, na ukiyaacha hutayatoa ila kwa nyundo. Maduhu akatwaa reki akasema hiyo kazi ni yake, atakwangua mchana kutwa, hiyo haina dhambi. Tuliwasha, tukazima, tukakwangua, tukawasha. Siku mvuke uliposimama kwenye alama bila kushuka, wanawake wa kufagia vumbi walipiga vigelegele, na Mama Meneja akatoka nje kutazama moshi, akaniuliza, "Huu ni wa nini?" Nikamwambia. Ulikuwa mwepesi, wa kijivu, unapotea haraka.

Malori yaliyokuwa yanakwenda kutafuta magogo yakawa yanakwenda Busega, kule Kiloleli na Nassa, kubeba pumba zilizokuwa taka za watu. Mikokoteni ikarudi getini. Mayu Milembe ndiye aliyekuja na wa kwao. Mzee hakuja.

Na neno lake alilishika. Nilimkuta mnadani, nikamwamkia, "Mwangaluka, bhabha," akatazama pembe za ng'ombe wa mtu mwingine. Nilimkuta msibani, akahamisha kiti. Kwa Msukuma kunyimwa salamu si jambo dogo, ni kama umezikwa na watu wanapita juu. Misimu ikapita hivyo. Mama Meneja akahamishwa, akaja mwingine, Mpango ukabaki. Matangi ya mvua yanafanya kazi hadi leo. Barakoa tuligombana nazo miaka, watu wanazivaa kidevuni. Miche ya ukutani mingine iliishi, mingine ililiwa na mbuzi wa mlinzi. Nilisimamia yote hayo, na kila mara mkubwa mpya alipokuja na jambo jipya nilimwomba kitu kimoja tu: kabla hujaita kitu taka, nenda ukaone nani anakila.

Nilipostaafu walinipa kochi na keki yenye jina langu. Maduhu, ambaye ndiye mkuu wa boila sasa, alinifungia reki kuukuu kwa utepe, watu wakacheka mpaka machozi. Mafao yangu, mnajua wenyewe, niliyageuza ng'ombe. Nikawa na mkokoteni. Nikawa nasimama getini katika foleni na wengine, nikisubiri maganda, na mlinzi mpya ananiuliza jina.

Kiangazi hiki kilichopita, asubuhi, Mayu Milembe alipita kwangu akitoka sokoni.

"Mzee anasema kesho anafungua," akasema. "Anasema uje na ng'ombe zako."

"Amesema yeye?"

"Kwani mimi nina ngitili?"

Niliwachunga mwenyewe kuvuka mto. Watu wengi walikuwa wamefika, kila mmoja na wake, wanasubiri mbele ya uzio wa miiba. Nilisimama nyuma ya wote. Upande wa mashariki ule, visiki sikuviona. Kila kimoja kilikuwa kimetoa vichipukizi, mzee amepunguza vinyonge akaacha vilivyonyooka, navyo vilikuwa vimeshapita kichwa cha mtu mrefu. Nyasi zilifika kiunoni.

Nkwabi alikuja akitembea kwa fimbo, macho yamefifia, mgongo umeinama. Watu wakampisha. Alitafuta kwa mkono lile tawi la miiba linaloziba mlango, akalivuta kando. Kisha akasimama pembeni ya mwanya, pale pale anaposimama mtu anayefungua tanuri, akageuka kututafuta.

Mdogo ndiye humwamkia mkubwa, na mimi nilikuwa bado nakusanya ulimi. Akanitangulia.

"Mwangaluka, Shija," akasema. "Leta zako, zianze."

Nikamwitikia, sijui kwa sauti gani. Ng'ombe wangu wakapita katikati ya watu, wakaingia wa kwanza.